Klova ya Dona Alda

Niliishi Johannesburg karibu mwaka mzima bila kuiona. Nikisema hivyo watu hudhani natania, kwa sababu jiji hili halijui kujificha. Hata ukisinzia ndani ya taksi linakuamsha kwa honi. Lakini tangu Novemba 2015 hadi Agosti iliyofuata, dunia yangu yote ilikuwa shamba dogo kaskazini mwa Randburg, pale nyumba zinapoanza kuachana: ng'ombe watatu, kisima cha pampu, nyumba ya matofali mekundu, na geti la chuma. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mwezi uliopita mwenye shamba lile, Dona Alda, alizikwa, na baada ya ibada tulikaa katika ukumbi wa kanisa huko Rosettenville tukila mikate midogo ya Kireno na supu. Ndipo nikaona mtu mnene mwenye kofia mkononi akinijia kutoka upande wa pili. "Diplomé!" akaita, kwa sauti isiyofaa msibani. "Bado unawafundisha ng'ombe kula?" Alikuwa Deo, Mrundi wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambaye tulikamua pamoja mwaka ule, siku hizi ana duka la kutengeneza simu Kensington. Nilicheka, kisha macho yakaniloa, na mwanangu mkubwa, ambaye Kiswahili anakielewa lakini hakimtoki mdomoni, akaniuliza kwa Kiingereza huyu ni nani na ng'ombe gani. Nilijaribu kumweleza ndani ya gari, nikashindwa, kwa sababu habari yenyewe ni ya majani, na majani hayaelezeki haraka. Naandika hapa polepole.

Namna nilivyofika Afrika Kusini nitaiacha. Kila mtu wa Kivu, kule Kongo, ana yake na zinafanana. Inatosha kusema kwamba nilikuwa na diploma ya sekondari ya kilimo na mifugo kutoka Masisi, nimeikunja ndani ya Biblia, na kwamba kwa wiki chache nililala kwa mama mmoja wa kanisa letu, fundi cherehani wa Rosettenville, ambaye miaka mingi alishonea mlango wa pili kutoka duka la mkate la Dona Alda. Duka lilikuwa limefungwa zamani na mume wa Dona Alda alikuwa amekufa, lakini yule mama alijua kwamba mjane bado anafuga na bado anatengeneza jibini ya kuuza kwa Wareno wa kusini mwa mji. "Huyu mtoto anajua ng'ombe," alimwambia kwenye simu. "Ana karatasi ya shule." Deo aliposikia habari ya karatasi ya shule, siku ile ile niliyoshuka na begi langu, akanipa jina la Diplomé, yaani mwenye diploma, na halikuniachia tena.

Chumba changu kilikuwa nyuma ya banda la kukamulia. Sakafu ya saruji, kitanda kilichoinuliwa kwa matofali manne, dirisha moja la vioo vidogo lililotazama malisho. Kiliwekwa zamani kwa ajili ya kuhifadhi jibini, na harufu ya maziwa yaliyochachuka ilikuwa imeingia ukutani. Nilipooga na kuvaa nguo safi, bado nilinukia kama mtoto mchanga. Upande wa pili wa ukuta wa mbao alilala Deo na redio yake ya Kifaransa. Mchana tulikula jikoni kwa Dona Alda: supu ya viazi na sukuma wiki iliyokatwa nyembamba kama nyuzi, na kipande kimoja cha soseji kwa kila mtu, yeye akisimama muda wote karibu na jiko kana kwamba kuketi ni dhambi. Jioni tulipika wenyewe. Deo alisonga ugali akiulaumu unga wa hapa kwamba hauna roho, na tukala na ndagala, dagaa wa kwao, alizozinunua Jumapili mjini. Kila Jumapili Deo alitoka. Alikuwa na karatasi zake zote, amezitia ndani ya plastiki, na alirudi na ndagala, na muda wa maongezi wa simu yangu, na habari za watu.

Niwaeleze kwanza malisho yenyewe, maana huko ndiko kila kitu kilikotokea. Nyasi za pale ni zile zile tulizonazo Masisi, zinazoitwa kikuyu, zinazotambaa na kusuka zulia nene. Ni nyasi za milima yetu ya Afrika ya kati na mashariki, zililetwa kusini na watu, na zimepapenda. Mvua ikinyesha na jua likiwaka, hukua hadi unasikia kama zinakusukuma mguu. Lakini majira ya joto ya mwaka ule mvua haikuja. Desemba nzima mbingu ilikuwa nyeupe kama bati. Mji ulitangaza masharti ya maji, kisima chetu kikaanza kutema hewa kabla ya maji, na nyasi zikasimama kwenye kimo cha kidole. Nyasi kavu za kununua zikawa adimu hata kwa wenye farasi ng'ambo ya barabara. Jumapili moja ya Januari, Carlos, mtoto wa Dona Alda anayefanya kazi ofisini Randburg, alikuja kula chakula cha mchana, nami nilikuwa nje chini ya dirisha la jikoni nikisugua madumu ya maziwa. Walizungumza Kiingereza, kwa kuwa Carlos alipenda kugombana kwa Kiingereza. "Mama, uza. Kuna watu wanataka kujenga hapa." Kisha sauti ya kijiko. "Ng'ombe hawa wakipita baridi kwa majani ya hapa hapa," akasema Dona Alda, "bila mimi kununua hata robota moja la nyasi, tunabaki. Wakishindwa, nitauza, nawe utaniletea maboksi." Carlos akacheka. "Na yule msichana?" "Msichana," akajibu mama yake, "anakwenda ng'ombe wanakokwenda."

Sikumchukia kwa maneno yale. Hata leo nadhani alisema kweli tu, kama mtu anayesoma saa. Lakini nilibaki nimeshika dumu lile mpaka maji yakapoa. Jioni nikamwambia Deo. "Bon," akasema, akigeuza ndagala kwenye kikaango, "basi weye soma ile diploma yako vizuri. Labda kuna ukurasa." Alikuwa akinitania, ila nilikuwa nimeshafika kwenye huo ukurasa. Kwetu, kwenye malisho mazuri ya Masisi, katikati ya kikuyu kuna klova nyeupe. Sisi tuliiita trefli, kwa Kifaransa cha shule. Majani yake ni matatu matatu, yana alama ya mwezi mweupe. Nyasi peke yake zinakula udongo mpaka unachoka. Klova inafanya kinyume: kwenye mizizi yake kuna vinundu, na ndani ya vinundu wanaishi vijidudu wanaokamata mbolea kutoka hewani. Klova inakula, na inayobaki inalisha jirani yake. Ng'ombe anayepata vyote viwili mdomoni hutoa maziwa ambayo ukiyaacha kwenye bakuli yanajifunika blanketi la mafuta. Na zaidi ya yote, klova haiogopi baridi kama kikuyu inavyoogopa. Nikawaza: kikuyu ikikauka kwa baridi ya Juni, klova itabaki kijani. Ng'ombe watakuwa na kitu cha kula, na mimi nitakuwa na mahali pa kulala.

Nilipanga hoja yangu kama mtihani. Siku ya tatu nikamwambia Dona Alda jikoni kwamba Johannesburg na Masisi ziko karibu urefu mmoja juu ya usawa wa bahari, kwamba hewa ni ya mlima huku na huku, kwa hiyo kinachoota kule kitaota hapa. Akaniangalia juu ya miwani. "Mume wangu alisema klova ni majani ya matajiri. Inataka maji kila siku." Nikamwambia ni kweli, mizizi yake haiendi chini sana, jua kali la wiki mbili linaweza kuiua, ndiyo maana hatutaipanda sasa bali Machi, joto likipungua, na si shamba zima bali ukanda mmoja wa chini, karibu na pampu, ambao tunaweza kuunywesha hata kwa ndoo. Nyasi tutawalisha ng'ombe mpaka ziwe fupi kabisa kwanza, ili zisiifunike miche kivuli. Alisikiliza hadi mwisho. Watu wachache walikuwa wamenisikiliza hadi mwisho tangu nitoke nyumbani. "Menina," akasema, neno lao la kumwita msichana, "kama unajua, fanya." Nilijua. Tatizo la mwaka ule si kwamba sikujua. Nilijua klova ya mahali pengine.

Mbegu za klova ni ndogo kuliko ulezi. Tulizichanganya na mchanga ili zisirundikane, Deo akazitawanya akitembea kinyumenyume na kuimba wimbo wa kanisa aliougeuza maneno kuwa wa kunisifu na kunicheka pamoja. Mvua chache za Machi zilikuja kwa bahati. Siku ya tano mashina madogo yalitoka kama vichwa vya sindano, na usiku ule nilishindwa kulala kwa furaha. Na wiki ile ile, siku ya Jumanne, nilikuwa na tarehe yangu kwenye ofisi ya wakimbizi Pretoria. Karatasi ya mwomba hifadhi ina siku ya mwisho; siku hiyo unakwenda, unapanga foleni kabla ya mapambazuko, unaongezewa miezi. Alfajiri ya Jumanne pampu ikakataa kuwaka. Miche ilikuwa bado michanga, jua lilikuwa linapanda, na hakukuwa na mtu wa kubeba ndoo isipokuwa mimi na Deo. Deo alinisukuma. "Nenda, mdogo wangu. Nitabeba." Nikaangalia ukanda ule, nikaangalia mgongo wake unaomuuma, nikasema nitakwenda kesho. Kesho yake fundi alikuja. Keshokutwa nikasema wiki ijayo. Kila mmoja anayeahirisha jambo ana hesabu yake. Hesabu yangu ilikuwa kwamba klova ikifa sina mahali, na nisipokuwa na mahali karatasi itanisaidia nini? Aprili ilipofika nilikuwa na karatasi iliyokufa ndani ya Biblia, karibu na diploma, na tangu siku hiyo sikupita geti.

Hakuna aliyenifungia. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu mtu akisema alifungwa, msikilizaji hutafuta mwenye ufunguo. Geti lilifungwa kwa komeo tu, na komeo lilikuwa upande wetu. Lakini mita mia kutoka pale kulikuwa na robot, yaani taa za kuongozea magari, na gari la polisi lilipenda kusimama pale, wakisimamisha magari na wakati mwingine wapita njia. Pengine walitafuta leseni tu. Mimi sikutaka kujua walitafuta nini. Dona Alda aliponituma dukani kununua viberiti, nilijifanya kusikia pampu ikinguruma vibaya, Deo akaenda. Watu wa kanisa walipofanya sherehe ya Pentekoste, nilisema ng'ombe wetu Mimosa anakaribia kuzaa, na Mimosa alikuwa bado na miezi saba. Nilijifunza kupima eneo langu kwa hatua: mia moja na arobaini kutoka banda hadi pampu, themanini na sita kutoka pampu hadi ua wa mwisho. Waya wa umeme wa kutenga malisho nilikuwa nikiuhamisha mwenyewe, kila asubuhi hatua mbili mbele, na ng'ombe waliusubiri wakiwa wamepanga mstari, vichwa vimeinama. "Weye na hao ni kundi moja," Deo alinitania. "Tofauti ni pembe."

Kisha baridi ikaja, na klova ikafanya nilichoahidi. Mwisho wa Mei, asubuhi moja, malisho yote yalikuwa meupe kwa jalidi, barafu nyembamba iliyovunjika chini ya buti kama mkate wa jana. Jua lilipoyeyusha ile barafu, kikuyu ilikuwa imegeuka rangi ya kadibodi, imelala kabisa. Na chini, karibu na pampu, ukanda wangu ulibaki kijani. Nilimwita Dona Alda aje aone. Alikuja na slipa za nyumbani. Nikachimba mche mmoja kwa kisu cha jibini, nikausuuza, nikampa mkononi; vinundu vya mizizi vilikuwa na rangi ya waridi, nikamwambia rangi hiyo ndiyo inaonyesha kwamba viko kazini. Alivigusa kimoja kimoja kwa kucha. "Manuel angependa kuona hii," akasema, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akimtaja mumewe kwa jina. Niliweka utaratibu: asubuhi ng'ombe wanakula nyasi kavu za akiba ya mwaka wa nyuma bandani, jua likishayeyusha jalidi wanaingia kwenye klova saa moja tu, kisha wanatoka. Niliamini utaratibu huo ni kwa ajili ya jalidi, kwa kuwa majani yenye barafu huumiza tumbo. Ulikuwa unatulinda na jambo lingine kabisa, nami sikulijua. Juni ilipita, Julai ikapita. Carlos alikuja, akaonja jibini, akaondoka. Zilibaki wiki chache baridi iishe.

Deo na Dona Alda walipeleka jibini Rosettenville kila Alhamisi kwa bakkie, gari dogo la mizigo, wakiondoka kabla ya jua. Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti nilitoka chumbani nikakuta hewa imebadilika. Hakukuwa na jalidi. Usiku ulikuwa na joto la kwanza la mwaka, kulikuwa na umande wa maji ya kweli juu ya klova, na harufu iliyotoka pale ilikuwa harufu ya nyumbani, nasema kweli, harufu ya Masisi saa kumi na mbili asubuhi, watu wakiwafungulia ng'ombe huku wakipiga miluzi. Kwetu ndivyo tunavyofanya: alfajiri, umande, ng'ombe wenye njaa moja kwa moja malishoni. Bandani yalibaki marobota manne tu. Nikawaza, leo niokoe robota moja. Klova ilikuwa imeruka kimo ndani ya siku chache za joto, laini, imejaa maji. Nikafungua waya. Estrela aliingia mbio, Bonita nyuma yake, wakichovya midomo mpaka machoni. Mimosa, aliyekuwa mvivu wa kila kitu, alibaki mlangoni anajikuna. Nikaenda kusugua madumu, nikiimba.

Hapa ndipo niwaombe uvumilivu, kwa maana kosa langu liko ndani ya hali ya hewa. Masisi iko karibu na mstari wa ikweta. Hakuna mwezi unaoua majani. Mvua inakuja karibu mwaka mzima, joto ni lile lile Januari na Julai. Kwa hiyo klova na nyasi hukua pamoja, siku zote, na ng'ombe hana njia ya kula kimoja bila kingine. Kila mdomo mmoja ni mchanganyiko, na nyasi zenye nyuzi hulisaidia tumbo. Johannesburg iko juu kama Masisi, nilikuwa nimepima sawa, lakini iko mbali kusini, na huku mwaka una usingizi. Kikuyu inalala kwa jalidi na haiamki mpaka udongo wenyewe upate joto. Klova inaamka wiki nyingi mbele yake. Katikati ya hizo wiki, malisho yenye mimea miwili yanakuwa ya mmoja tu. Mwalimu wangu alikuwa ametufundisha kwamba klova changa peke yake, ikiliwa kwa pupa na ng'ombe mwenye njaa, hufanya povu tumboni, na gesi inashindwa kutoka. Niliandika hayo kwenye daftari, nikapata alama, na sikuwa nimewahi kuyaona hata mara moja, kwa sababu kule nilikosomea hayatokei kwa urahisi. Nilikuwa nimebeba jibu na kusahau swali lake.

Nilisikia mkoromo. Nilipofika Bonita alikuwa amekwisha anguka, ubavu wa kushoto umepanda juu kuliko uti wa mgongo, umekaza kama ngoma. Estrela alikuwa amesimama, miguu imepanuka, ulimi nje. Nilimrudisha Mimosa bandani nikafunga waya. Nikakimbilia jikoni, nikachukua chupa ya mafuta ya kupikia, ilikuwa zaidi kidogo ya nusu, nikamnywesha Estrela yote, nikamfunga kijiti mdomoni kama hatamu ili atafune na kutema mate, nikamsukuma kwenye mteremko miguu ya mbele ikiwa juu. Kwa Bonita yalihitajika mafuta mengine na mpira wa kupitisha kooni ili gesi itoke. Mpira ulikuwepo. Ulikuwa kwa jirani wa farasi ng'ambo ya barabara. Deo aliwahi kuuona ukutani. Hatua mia mbili na kitu. Nilikimbia hadi getini nikashika komeo. Gari la polisi lilikuwa kwenye robot. Hawakuniangalia. Mmoja alikuwa anakula kitu ndani ya karatasi. Nilisimama pale, mkono juu ya chuma baridi, kwa muda ambao mpaka leo siwezi kuupima, kisha nikageuka nikarudi, nikachukua kisu cha jibini, nikamchoma Bonita pale nilipofundishwa kuchoma. Kilitoka kitu cha kijani, povu, kikaziba tundu. Nikakizibua kwa vidole, kikaziba tena. Alikufa kichwa chake kikiwa juu ya buti langu. Estrela, kule juu ya mteremko, alipiga mbweu ndefu, kisha nyingine, akaanza kutikisa mkia.

Bakkie ilirudi saa nne. Deo alishuka kufungua geti, akaniona nilivyolowa, akaona nyuma yangu, akaelewa kabla ya Dona Alda kuzima gari. Akaja haraka, akajifanya ananishika bega. "Sikia," akaninong'oneza. "Betri ya waya iliisha. Walipita wenyewe. Mimi ndiye ninayechaji betri, nitasema nilisahau. Mimi nina karatasi, mimi akinifukuza nakwenda Kensington. Weye utakwenda wapi?" Nikaitika kwa kichwa. Nilitaka sana kuitika. Dona Alda alipita bila kutuangalia, akapiga magoti karibu na Bonita na sketi yake ya mjini, akafunga jicho la ng'ombe kwa kiganja. Kisha Deo akasema maneno yake ya betri, akayasema vizuri, hata akatia aibu kidogo usoni. Dona Alda akainuka. "Eish, Deo," akasema, kwa uchovu tu. Na kwangu akasema, "Kesho tengeneza waya, menina. Wale wawili wapewe klova asubuhi mapema, wapone."

Nakumbuka waziwazi kwamba nilihesabu. Nikinyamaza, nimebaki na chumba, na ng'ombe wawili wanakamuliwa, na labda Carlos atakubali. Lakini nikinyamaza, siku yoyote nisipokuwepo Dona Alda atawafungulia mwenyewe alfajiri, kwa wema, kwa sababu anaamini ni waya uliomuua Bonita na si umande na njaa. Ningeweza kusema leo kwamba ni ujasiri. Ilikuwa kero zaidi, ile kero ya mtu anayeona hesabu imeandikwa vibaya ubaoni. "Dona," nikasema, "si betri. Niliwafungulia mimi." Deo alitazama angani.

Tuliingia jikoni. Kwa mara ya kwanza aliketi, nami nikaketi. Supu ya jana ilikuwa juu ya jiko, hakuna aliyeigusa. Nilimweleza yote niliyoyaeleza hapa, polepole: usingizi wa kikuyu, klova inayowahi kuamka, povu, kwa nini robota moja la nyasi kavu kabla ya malisho lingemwokoa Bonita. Nilichukua mche na jani kavu nikaviweka mezani kando kando. Kisha nikamwambia na la geti. Kwamba mpira ulikuwa ng'ambo, kwamba nilifika, kwamba karatasi yangu ilikufa tangu Machi na niliogopa. Hilo lilikuwa gumu kuliko la waya. Na nikamwambia jambo ambalo nililijua nilipokuwa nalisema tu: kwamba klova ile sikuipanda kwa ajili ya ng'ombe. Niliipanda ili nisilazimike kutoka.

Dona Alda aligeuza lile jani kavu mara mbili tatu. "Hizi zitaamka lini?" akauliza. Nikamwambia usiku ukibaki bila jalidi na udongo ukipata joto, kama mwezi mmoja. Baada ya hapo mimea itakuwa miwili tena malishoni, na hatari itapungua. "Mwezi," akasema. "Jumapili nitamwambia Carlos kwamba sikununua nyasi, na kwamba nina ng'ombe wawili. Hayo ni ya kwangu na yeye." Shamba aliliuza mwishoni mwa mwaka, na leo kuna nyumba za ghorofa pale, sijui kama angeliuza hata kama Bonita angeishi, na hakuwahi kuniambia. Lakini siku ile hakunifukuza, na hakunisamehe pia, si kwa neno lolote nililolisikia. Aliinuka, akawasha moto chini ya supu, akanipa mgongo. "Pretoria tutakwenda Jumatatu, nitakupeleka kwa gari. Ila ule mpira wa jirani utauomba mwenyewe. Kesho. Kwa miguu."

Asubuhi nilikamua wawili, nikawapa nyasi kavu, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko. Nilivaa koti la kanisani. Deo alikuwa ameegemea mlango wa banda. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha, aliniinulia kidole gumba tu. Nilivuta komeo. Ukingoni mwa barabara nilisimama kama tunavyofundishwa utotoni, nikaangalia magari yanatoka wapi, nikaona njia ni nyeupe, nikaweka mguu kwenye lami. Honi ikapasuka sikioni na upepo wa gari ukanivuta koti. Kwetu Kongo magari hushika upande wa kulia. Hapa wanashika kushoto. Nilikuwa nimekaa nchi hii karibu mwaka, na bado nilikuwa naangalia upande ambao hapakuja mtu. Nilirudi nyuma hatua moja, nikahema. Kisha nikageuza kichwa upande wa pili, nikangoja magari matatu yapite, nikavuka.